Serina kwa Herufi R

Baba Paroko, mama yetu mzazi, shemeji yetu Shimba na watoto, wazee wa ukoo, majirani wa Buhongwa, wageni mliovuka na kivuko kutoka Nansio na ninyi mliotoka mjini, Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zetu Waislamu asalaam aleikum, na kwa wakubwa wote shikamooni. Mimi naitwa Paskazia Kashindye, ni mdogo wake marehemu wa kumfuata, na kikao cha ukoo kimenipa kazi ya kusoma historia ya dada yangu. Karatasi nimepewa, imechapwa vizuri, na nitaisoma, lakini pale ambapo karatasi imenyamaza mimi sitanyamaza, mnisamehe mapema.

Kabla sijaanza, niseme hili ambalo tangu asubuhi watu wananong'onezana wakipita kutoa heshima. Msalaba ule uliosimamishwa pembeni ya jeneza umeandikwa SERINA, wakati vyeti vyote vya marehemu vimeandikwa SELINA, na jana kikao kikaamua herufi ile ifutwe na kuandikwa upya kabla hatujaenda makaburini, likanunuliwa kopo la rangi na brashi yake. Kopo hilo mnalolitafuta ninalo mimi, lipo chini ya kiti changu, na halitafunguliwa leo. Nitaeleza kwa nini, na nikishamaliza, anayelitaka aje alichukue mbele ya mama.

Marehemu Selina Kashindye alizaliwa tarehe 14 Septemba 1987 pale Nansio, kisiwani Ukerewe, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kashindye, Msukuma aliyehamia kisiwani kuwa karani wa ghala la pamba, na wa mama yetu Odeta, Mkerewe wa Nansio, huyu hapa mbele yenu. Wanaotujua wanajua kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na vita ya herufi mbili, kwa baba R haikuwepo, radi kwake ilikuwa ladi, na kwa mama L haikuwepo, kulala ni kurara, nasi watoto tulikua katikati yao tukidhani Kiswahili kiko viwili, kuna cha kiume na cha kike. Padri alimbatiza Selina, baba akamwita Selina, lakini mama, tangu alipompokea mikononi mpaka wiki hii alipomfumba macho, alimwita Serina, na hakuwahi kumwita jina lingine.

Alianza darasa la kwanza Januari 1995 na kumaliza la saba mwaka 2001, hapo hapo Nansio, ambako mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kaka yake baba, Baba Mkubwa Jonathan, yule pale mwenye koti la kijivu, shikamoo Baba Mkubwa. Siku watoto walipoambiwa waandike majina yao, dada aliandika Serina, kwa sababu ndilo jina aliloamshwa nalo asubuhi ile, akanyweshwa nalo uji na kusindikizwa nalo mpaka mlangoni, na Baba Mkubwa akamchapa kiganjani, akamwandikisha Selina ukurasa mzima. Sisemi kwa chuki, Baba Mkubwa, Kiswahili safi cha kuandika, ambacho dada alikuja kukilia ugali, alikipata kwako, na siku ya mahafali yake alikushukuru hadharani nikisikia. Lakini jioni ile alirudi nyumbani na kiganja kimevimba, akamuuliza mama, kama jina langu ni Selina, wewe huwa unamwita nani? Mama alicheka, akamjibu, "Nakuita wewe." Dada alipokuwa mtu mzima alipenda kusema kwamba hilo ndilo somo la kwanza la biashara alilopewa maishani, na kwamba chuo kikuu hakikuongeza kitu kikubwa sana juu yake.

Baada ya sekondari, aliyoimaliza Februari 2008, alijiunga na chuo kikuu pale Nyegezi kusomea masoko, akahitimu mwaka 2011, na mwaka huo huo akaajiriwa Dar es Salaam katika kampuni moja ya matangazo, ambako walimpa meza nzuri karibu na dirisha na kumwomba, kwa adabu kabisa, asiwe anazungumza kwenye vikao vya wateja, kwa kuwa lafudhi yake ni ya bara. Akawa anaandika, wengine wanasoma. Alivumilia mpaka Agosti 2016, akaacha kazi mwenyewe, narudia, mwenyewe, maana hapa katikati yetu wapo waliosambaza kwamba amefukuzwa, na leo wamekuja na pilau wanakula vizuri tu, karibuni sana.

Hapa karatasi inasema, "Marehemu hakuwa na ajira rasmi." Sentensi hiyo nairuka, na aliyeiandika namjua.

Dada alikuwa na kazi. Alirudi Mwanza, akapanga chumba kimoja Nyegezi, ng'ambo ya stendi ya mabasi, na mlangoni akaandikisha maneno haya, USHAURI KWA BIASHARA CHANGA, NJOO NA MTEJA WAKO. Vijana wenye kampuni changa walikuwa wanakuja na kompyuta zao, na mipango yenye michoro inayopanda juu tu, na tisheti zenye nembo, ila mteja hawana, na dada alikuwa anawarudisha mlangoni pale pale, tena mchana kweupe, watu wa stendi wakitazama. Swali lake lilikuwa moja, nani amenunua ambaye si ndugu yako? Ukisema shangazi, anakwambia shangazi amenunua wewe, hajanunua bidhaa. Ukisema bado tunasubiri mwekezaji, anakwambia basi nenda ukasubirie kwenu, hapa si kituo. Wengine waliondoka wakimwita mwanamke mwenye kiburi, na alikuwa nacho, jamani, tusimpambe marehemu kwa maua ambayo si yake, dada yangu alikuwa na kiburi na kilimtosha vizuri.

Wale waliorudi na mteja, hata awe mmoja, hata awe na malalamiko, aliwakalisha na kuwachemshia chai, na kwanza alizungumza na mteja, mwanzilishi akae kimya asikilize. Alikuwa anawaambia wasinunue tangazo hata moja mpaka wampate mtu anayerudi bila kukumbushwa, kwa sababu tangazo linaleta watu mlangoni, lakini kama ndani hakuna kitu, umewalipia nauli watu waje waone aibu yako. Aliwakataza kupunguza bei ili wapendwe, akisema anayekufuata kwa bei atakuacha kwa bei, na aliwakataza kukimbilia mikoa mingine kabla mtaa mmoja haujawakubali, na waliojisifu kwamba programu yao imeshushwa na maelfu aliwauliza wangapi wameifungua tena leo, wakaanza kutazama viatu. Zaidi ya yote aliwatuma wawatafute walioacha kununua, wawafuate mpaka nyumbani, wawaulize kwa upole na wasijitetee, maana aliyekuacha ndiye anayejua ugonjwa wako.

Mnaomfahamu kwa jambo moja mnamfahamu kwa lile guta. Mwaka 2019 walifika kwake Salehe na dada yake Yasmin, watoto wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi pale mjini, na leo wapo, nawaona, poleni. Walikuwa wameanzisha huduma ya kuwapelekea barafu wauza samaki mwaloni, pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki, ambapo mama muuza sato akiishiwa anatuma neno BARAFU kwa meseji, na guta la injini, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, linamfuata hapo hapo alipo. Wazo zuri, na barafu yenyewe nzuri. Uzinduzi ulikuwa wa kutikisa mji, maturubai, msanii, mabango barabara nzima, watu wakagombania tisheti mpaka wakachana moja, na baada ya hapo, kimya. Wakamwambia dada wanahitaji mabango mengine makubwa zaidi. Dada akawaambia wavue viatu vya ngozi, wakaenda mwaloni, wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa pamoja na akina mama wauza samaki, na kazi yao ikawa kukaa tu.

Mchana mama mmoja Msukuma akaishiwa barafu, samaki wake wakaanza kulegea macho, na dada akamwona anachukua simu na kuandika taratibu kwa kidole kimoja, B, A, L, A, F, U. Simu ikamjibu, "Neno ulilotuma si sahihi." Akatuma tena, ikamjibu vile vile. Mama yule akairudisha simu kwenye mkanda wa kitenge, akamwambia mwenzake bila hasira yoyote, "Hawa hawana balafu," akaenda kununua kwingine. Salehe na Yasmin walitazamana, kisha Yasmin akainamisha uso kwenye magoti. Mwalo mzima ulikuwa unawaita kila siku, na wao kila siku walikuwa wanaujibu haujui kuandika.

Dada akawaambia, neno sahihi ni lile alilolituma mteja. Hakutaka tu mashine ikubali herufi zote mbili, hilo lilikuwa dogo, alitaka maguta yenyewe yapakwe upya, ubavuni yaandikwe BALAFU, kwa herufi kubwa, ili mama yule ayaone na kujua kwamba ameitikiwa. Salehe alikataa katakata, akasema dada yangu utafanya tuchekwe, sisi kwetu tunazungumza Kiswahili, mjini tutaonekana washamba. Dada akamuuliza, hao wa mjini wananunua barafu yako? Akasema hapana. Basi wacheke, ni burudani yao. Fundi Abdillah, mchora mabango wa hapa hapa Buhongwa, akapaka. Na mji ukacheka kweli, picha zikaruka mtandaoni, wasomi wakaandika kwamba Mwanza tumeiaibisha lugha ya taifa, na Baba Mkubwa ukampigia simu, unakumbuka, ukamwambia unaona haya kutembea barabarani. Kila aliyecheka alikuwa ameitangaza huduma ile bila kuombwa, lakini si hilo lililoikuza, na dada aliwakataza vijana wake wasije wakajidanganya kwamba ni hilo. Kilichoikuza ni kwamba mama yule alituma neno lake, likakubaliwa, barafu ikaja, kesho akatuma tena, akamwambia jirani yake, jirani akamwambia shemeji yake wa Nansio, na leo mwalo hadi mwalo pande hizi za ziwa maguta yale yanajulikana. Mwenye kudai dada yangu hakuwa na kazi akaulize huko.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 10 Juni 2017 na Ndugu Shimba, fundi wa injini za boti, ambaye alimpata kwa kwenda chumbani kwake Nyegezi kuomba ushauri wa biashara ambayo, kama alivyokiri baadaye, haikuwepo. Aliulizwa mteja wako yuko wapi, akasema ndiye ninayezungumza naye. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nathaniel aliyezaliwa mwaka 2018 na Winnie aliyezaliwa mwaka 2021, na Shimba, mbele ya watu hawa wote nakwambia, ulikuwa mume, na watoto hawa hawaendi kugawanywa popote, watakaa na baba yao, kikao kikitaka kisitake.

Alianza kuugua Mei 2023, miguu ikawa inavimba, vipimo vikaonyesha figo zote mbili zimechoka, na tangu hapo akawa anasafishwa damu katika hospitali ya rufaa, kazi aliyoiita kwenda kuoshwa. Hata pale hakukaa kimya, vijana walimfuata mpaka wodini, na wauguzi ikabidi wakubali kwamba kitanda chake kina wageni wanaokuja na wateja. Mwezi Januari mwaka huu Yasmin alimletea habari kwamba wanafungua Dar es Salaam, akawa na wasiwasi wa kumuuliza kuhusu jina, na dada akamjibu, huko waandikieni Barafu, ndivyo wanavyosema, lakini huku msiguse. Wanaodhani alikuwa anatetea makosa hawakumwelewa hata siku moja, yeye alikuwa anatetea watu wasiambiwe si sahihi na kitu walichokiita wenyewe.

Hali ilibadilika mwishoni mwa Februari, na alituacha tarehe 6 Machi 2025 asubuhi, mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Sasa nirudi kwenye msalaba. Mnasema Abdillah amekosea, na mimi mwenyewe niliposikia nilimfuata nikiwa nimevimba, nikamwambia fundi, umetuletea nini? Akanieleza. Alifika hapa nyumbani siku ya msiba kuuliza jina la kuandika, akawakuta wanaume wote wako kwenye kikao cha usafiri na chakula, hakutaka kuwakatisha, akaenda kwa mama aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akapiga magoti, akampa pole, akamuuliza marehemu anaitwa nani. Mama akasema, Serina. Akauliza mara ya pili, kwa sababu na yeye amesoma, anajua tofauti. Mama akasema, Serina, mwanangu, Serina. Abdillah akaniambia, "Dada Paskazia, maguta yale nilipaka mimi, ningemwambiaje mama mfiwa kwamba neno alilotuma si sahihi?" Nikamshika mkono, tukalia wote wawili pale kibandani, katikati ya makopo yake.

Mama yetu hajui kusoma. Jana msalaba ulipoletwa alimwomba Winnie amsomee, na mtoto, ambaye ndiyo kwanza anajifunza herufi, akasoma moja moja mpaka mwisho, akatamka, Serina, na mama akapapasa zile herufi kwa kiganja, akasema, "Ndiye." Hiyo ndiyo herufi mnayotaka ikafutwe. Nani atakwenda kumweleza mama kwamba mtoto aliyemzaa, akamlea, akamuuguza na kumfumba macho, hakuwahi kumwita jina lake? Wewe, Baba Mkubwa? Nakuheshimu, nimekuamkia mara mbili leo, lakini asubuhi ulipokuwa pale getini unapokea wageni nilikusikia kwa masikio yangu ukisema "kalibuni, kalibuni ndani," na wote wakaingia, hakuna aliyebaki barabarani akisubiri utamke vizuri. Ulimsahihisha dada akiwa mtoto, akakusikiliza, akaandika ukurasa mzima. Leo hana mkono wa kuandikia, na mimi nasema mwacheni.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliompigania bila kuchoka, majirani wa Buhongwa mliotufungulia nyumba zenu na kutuletea maji na kuni, jumuiya, kwaya, vijana wote wa kampuni changa mliolala hapa turubaini mkihudumia watu kama watoto wa nyumba hii, Salehe na Yasmin mliotoa maguta yenu yabebe wazee kwenda makaburini, na ndiyo, wageni mtakaoona msafara wa msiba umeandikwa BALAFU, ni wetu, msishangae. Fundi Abdillah tunakushukuru kipekee, na kopo hili nakukabidhi wewe, mvua zikipita na rangi ikianza kupauka utakuja kuupaka msalaba tena, kwa herufi zile zile.

Basi nimemaliza kusoma, na la mwisho si langu, nimelazimika kuliazima kwa mama, kwa sababu ndivyo alivyokuwa anatufunika shuka kule Nansio, taa ikiwa imezimwa, mmoja baada ya mwingine, dada akiwa wa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, na sijasikia Kiswahili kingine kilichowahi kumtuliza. Wanaotaka kucheka wacheke. Tunaomfahamu tuseme pamoja na mama.

Rara sarama, Serina.